Nasari ya Gichagi

Nenda kijiji chochote upande wetu wa Kiirua, chini ya kanisa au pembeni mwa soko, utakuta nasari. Chumba kimoja cha mbao au cha mawe, choo nyuma, sufuria kubwa nyeusi ya uji, na tairi kuukuu ambalo watoto wamelifanya gari, farasi na nyumba. Ukiuliza nani aliijenga, utaambiwa wazazi. Ukiuliza lini, utaambiwa zamani. Hiyo "zamani" ndiyo iliyonikalia kichwani, kwa sababu ina tarehe, na tarehe yenyewe haipendezi.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika makala za malipo madogo. Asubuhi nilikuwa namsaidia shangazi, ambaye ni mwalimu wa nasari, kugawa uji na kufunga kamba za viatu. Ukikaa na watoto thelathini wa miaka minne kwa wiki kadhaa, utaanza kujiuliza maswali. Langu lilikuwa hili: ni nani aliyekuja na wazo la kuwakusanya watoto wadogo mahali pamoja, mbali na mama zao, kuanzia asubuhi hadi saa sita? Maana wazee wetu hawakulea hivyo. Mtoto alilelewa na dada yake, na nyanya yake, na shamba lenyewe.

Zipo nasari za kwanza Kenya zilizofunguliwa miaka ya 1940 kwa ajili ya watoto wa Wazungu na Wahindi mijini, na vituo vya kuwatunza watoto wa vibarua kwenye mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa. Lakini huku kwetu, kuzunguka Mlima Kenya, nasari ilienea kwa sababu ya vita. Ilienea kwa sababu mamia ya maelfu ya watoto walifukuzwa kutoka nyumbani kwao bila kuvuka mpaka wowote.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa serikali ya mkoloni, watu wa mlimani walikuwa kundi moja: Wakikuyu, Waembu, Wameru. Tarehe 24 Aprili 1954 operesheni iliyoitwa Anvil ilizingira Nairobi. Maelfu ya wanaume wakapelekwa vizuizini, na maelfu ya wanawake na watoto wakapakiwa kurudishwa rizavu, hata wale ambao rizavu hawakuwahi kuishi. Miezi miwili baadaye, Juni 1954, serikali ikaamua kwamba watu wa rizavu pia hawataachwa kwenye maboma yao yaliyotawanyika. Nyumba zilichomwa au kubomolewa, na familia zikasukumwa ndani ya vijiji vipya vyenye uzio, mnara wa askari na kafyu. Kufikia mwisho wa 1955, Wakikuyu na Waembu zaidi ya milioni moja walikuwa wanaishi katika vijiji zaidi ya 800 vya namna hiyo. Ilichukua kama mwaka mmoja na nusu tu.

Shosho yangu alizaliwa upande wa Runyenjes, Embu, kabla hajaolewa huku Kiirua. Yeye haiiti "kijiji cha dharura" kama vitabu. Anaiita gichagi. Ukilisikiliza neno hilo vizuri utasikia "kijiji" ndani yake, Kiswahili cha serikali kilichopita kwenye ulimi wa watu wa mlimani. Alikuwa na miaka kama mitano.

"Shosho, huko gichagi kulikuwa na nasari?"

"Nasari gani, mjukuu wangu? Kulikuwa na kivuli, na mama mmoja mzee ambaye mgongo wake haukuweza jembe. Sisi tuliachwa kwake."

"Mliachwa kwa nini?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini maji huteremka. "Kwa sababu mama zetu walikuwa wanachimba."

Walikuwa wanachimba kweli. Kazi ya lazima ilikuwa sehemu ya sheria ya maisha ya gichagi: barabara, matuta ya kuzuia mmomonyoko, kambi za askari, na ule mtaro maarufu ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, wa urefu wa kilomita zipatazo 80, uliojaa miti iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula kutoka kwa watu wao. Waliochimba wengi wao walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa kizuizini, msituni au kaburini. Mwanamke aliitwa asubuhi, akarudi akiwa amechoka, akapewa muda mfupi wa kukimbia shambani kabla ya kafyu kufunga geti.

Mtoto wa miaka mitatu ataenda wapi na mama yake akichimba mtaro? Hapo ndipo nasari ilipopata kazi. Vituo vya kutunzia watoto vilichipuka katika vijiji hivyo kwa sababu utawala ulihitaji mikono ya mama iwe huru. Njaa ilipoingia, na matumbo ya watoto yakaanza kuvimba kwa unyafuzi, Msalaba Mwekundu na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa 1952, vikagawa maziwa na uji. Uji huo uliokoa watoto, hakuna anayeweza kuukataa. Lakini sufuria ya uji ilikuwa ndani ya uzio uleule ulioleta njaa.

Nikamuuliza shosho kama yule mama mzee aliwafundisha chochote. Alifikiri kidogo. "Alitufundisha kunyamaza," akasema. Halafu, kama amekumbuka kitu kizuri: "Na vitendawili. Alikuwa na vitendawili vingi sana."

Sasa, mtu anaweza kusema kwamba hiyo ilikuwa miaka ya 1950, dunia haikujua bado mtoto mdogo aliyetoroshwa na vita anahitaji nini. Hapa ndipo historia inapoudhi. Dunia ilijua. Utawala uleule wa Uingereza ulijua, na ulikuwa umeshafanya, hapahapa Afrika Mashariki, miaka kumi na miwili tu kabla.

Mwaka 1940 na 1941, jeshi la Stalin lilipokuwa limeikalia Polandi ya mashariki, mamia ya maelfu ya Wapolandi walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Wengi walikufa. Mwaka 1942 sehemu ya waliobaki waliruhusiwa kutoka kupitia Uajemi, na kati ya hao raia wapatao 18,000, karibu wote wanawake na watoto, waliletwa Afrika. Walitua bandari kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, wakapanda treni na malori kuelekea kambi zilizotawanyika kutoka Uganda hadi Rhodesia. Uganda kulikuwa na Masindi na Koja. Kenya walipita Makindu na Rongai. Kambi kubwa kuliko zote Tanganyika ilikuwa Tengeru, kilomita chache kutoka Arusha, chini ya Mlima Meru. Watu karibu 5,000 waliishi pale.

Watoto hao walifika wakiwa mifupa. Wengine walikuwa yatima waliowazika wazazi wao njiani kwa mikono yao. Kambi ya Tengeru haikuwa hoteli: vibanda vya udongo vya duara vilivyoezekwa nyasi, malaria, joto ambalo hawakulizoea. Makaburi yao yapatayo 150 bado yapo na yanatunzwa. Lakini hebu angalia walichopewa. Walikuwa na chekechea, shule ya msingi, sekondari na mafunzo ya ufundi. Walimu walikuwa Wapolandi wenyewe, wengi wanawake waliopitia safari ileile na watoto wale. Lugha ya darasa ilikuwa Kipolandi. Kulikuwa na kanisa lao, skauti wao, ngoma zao, sikukuu zao. Mtoto aliyekuwa amepoteza kila kitu aliamka asubuhi akasalimiwa kwa lugha ya mama yake na mtu mzima ambaye angekuwepo tena kesho.

Siwaonei wivu watoto wale. Walistahili. Ninachosema ni kwamba kanuni ilikuwa inajulikana: mtoto aliyeng'olewa apewe chakula, ndiyo, lakini pia apewe mtu wa kudumu, ratiba, mchezo na lugha yake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo wenye nguzo tano: afya, lishe, usalama, mlezi anayemwitikia mtoto, na nafasi ya kujifunza mapema. Ukiisoma orodha hiyo huku ukiikumbuka Tengeru, utaona karibu zote zilijaribiwa. Ukiisoma huku ukiikumbuka gichagi, utaona hata ya kwanza ilikuwa inachechemea.

Na si kwamba Waafrika wa mlimani hawakuwa na walimu wao. Walikuwa nao. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 jamii zilijenga shule huru kwa michango yao, wakagombana na wamisheni, wakaanzisha hata chuo cha ualimu kule Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa, shule hizo zilifungwa pamoja na Githunguri. Kwa hiyo Wizara ileile ya Makoloni kule London, ndani ya muongo mmoja, ilikubali mtoto mkimbizi wa Kipolandi asome na mwalimu wake kwa lugha yake, na ikamfungia mtoto wa Embu shule ambayo baba yake alikuwa amechanga kuijenga.

Kuna kisa kingine ambacho kwa mtu wa Meru ya Kenya kinagusa zaidi, kwa sababu ya jina. Chini ya Mlima Meru wa Tanzania, jirani kabisa na Tengeru, wanaishi Wameru wengine, si sisi, ila majina yetu yanafanana. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 Wapolandi wengi wa Tengeru walikuwa wameshaondoka kwenda Uingereza, Australia, Kanada na kwingineko. Novemba 1951, serikali ya Tanganyika iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi wachache wa Kizungu. Nyumba zao zikachomwa. Mwaka 1952 kijana wao Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, akasifiwa, na ardhi haikurudi wakati huo. Wilaya moja, mlima mmoja. Mtoto aliyetoka Polandi alijengewa chekechea, mtoto aliyezaliwa pale akaangalia nyumba yao ikiwaka.

Mwaka huohuo wa 1951, kule Geneva, dunia iliandika Mkataba wa Wakimbizi. Mwanzoni uliwahusu watu waliokimbia kwa matukio ya kabla ya 1951 tu, na nchi iliruhusiwa kuutafsiri kuwa matukio ya Ulaya peke yake. Ibara ya 22 inasema mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na raia. Chekechea haikutajwa. Na yule aliyefukuzwa kwake bila kuvuka mpaka hakuwa mkimbizi kabisa. Shosho yangu, kwa sheria, hakuwahi kukimbia popote. Kenya ilipata sheria yake ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012. Wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka sitini.

Lakini gichagi ina sura ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Hali ya hatari iliisha Januari 1960. Watu walirudi kwenye mashamba, uzio ukang'olewa, vijiji vingi vikabaki magofu na mahame. Nasari haikufa. Wanawake waliokuwa wamelazimishwa kuwaacha watoto wao kivulini walitazama kile kivuli wakaona kina faida. Uhuru ulipokuja 1963 na Kenyatta akapiga mbiu ya harambee, nasari zikawa kati ya vitu vya kwanza ambavyo akina mama walivijenga wenyewe. Kila mmoja analeta debe la mahindi, mwingine mbao mbili, mwingine binti yake aliyefika darasa la saba awe mwalimu. Serikali ilikuwa mbali. Mwaka 1971, mradi wa elimu ya awali ulipoanza katika taasisi ya elimu ya Kenya kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer, ulikuta nasari za jamii zimeshatapakaa nchini. Kazi ikawa kuwafundisha wale walimu ambao jamii ilikuwa imeshawateua. Miaka ya 1980 kituo cha taifa cha elimu ya awali kilipoundwa, moja ya kazi zake ilikuwa kukusanya nyimbo, hadithi na vitendawili vya lugha za nyumbani ili vitumike darasani. Vitendawili, kama vya yule mama wa mgongo mbovu.

Kwa hiyo nasari yetu ilianza kama chombo cha kumwachia mkoloni mikono ya mama, na akina mama wakamnyang'anya hicho chombo. Hilo ni jambo kubwa, na sioni likifundishwa. Linaonyesha kwamba kituo cha watoto waliofukuzwa makwao hakihukumiwi kwa kuwepo kwake. Kinahukumiwa kwa maswali mawili: kilifunguliwa kwa faida ya nani, na mwalimu ni nani.

Niyapeleke maswali hayo mbele kidogo. Barabara inayopita chini yetu inateremka Isiolo, inavuka Marsabit, inafika Moyale. Machi 2018, baada ya raia kuuawa upande wa Ethiopia, maelfu ya watu walivuka mpaka pale Moyale kwa siku chache, wengi wanawake na watoto. Kambi za Dadaab zilianza 1991, Kakuma 1992, makazi ya Kalobeyei 2016. Tayari kuna watu waliozaliwa Kakuma, wakasoma nasari Kakuma, na sasa wanawapeleka watoto wao nasari Kakuma. Darasa la watoto zaidi ya 100 si ajabu huko. Mwaka 2025, misaada ya Marekani na ya wengine ilipokatwa, mgao wa chakula ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kinachohitajika, na watu wakaandamana. Shangazi alipoisikia habari hiyo redioni hakuuliza kuhusu siasa. Aliuliza, "Na uji wa nasari?" Mwalimu wa chekechea yeyote anajua kwamba siku sufuria haipo, darasa hupungua nusu, na waliobaki hawasikii.

Sheria imesogea. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inafungua njia ya mkimbizi kufanya kazi. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka kambi zigeuke kuwa makazi ya kawaida ambako mkimbizi na mwenyeji wanatumia shule na hospitali moja. Elimu ya awali, kwa Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Yaani chekechea ya mtoto wa Sudan Kusini aliye Turkana na ile ya mtoto wa Kiirua zinaangukia ngazi moja ya serikali. Swali la bajeti ya nasari Meru na swali la nasari Kakuma si maswali mawili ya mbali, kama tunavyopenda kufikiri tukiwa kwenye matatu Nairobi.

Ila kuna sehemu moja ambayo haijasogea vya kutosha, na ndiyo ninayotaka ukae nayo. Kwa miaka mingi, mwalimu mkimbizi kambini hakulipwa mshahara. Alipewa kile kinachoitwa motisha, pesa kidogo ya kumshukuru, kwa sababu sheria haikumruhusu kuajiriwa kama mwalimu Mkenya, hata wakifundisha milango inayotazamana. Ni yeye anayejua lugha ya mtoto. Ni yeye aliyepita njia ileile. Ndiye yule mwalimu ambaye kwa mtoto wa Tengeru alihesabiwa kuwa nguzo ya kambi, na kwa mtoto wa gichagi alikuwa bibi aliyeonekana hafai kwa kazi nyingine. Akipata kazi ya usafi yenye malipo bora kidogo, ataondoka, na hakuna wa kumlaumu. Watoto 100 wataamka kesho na mtu mgeni mbele yao, kwa mara nyingine tena maishani mwao.

Kwa hiyo mipango mipya ikitangazwa, na picha za watoto wakicheka kwenye bembea mpya zikisambaa kwenye simu zetu, mimi sitaangalia bembea kwanza. Nitauliza yule mwanamke aliyesimama nyuma ya picha analipwa shilingi ngapi, na ni nani anayemlipa. Ni swali ambalo hata shangazi yangu, miaka yote hii, bado anaiuliza serikali yake.